Pini Mgongoni

…kola kwanza, mama yake alimfundisha hivyo kule Uvira kwa pasi ya makaa, kola, mikono, mbele, mgongo mwisho, basi Spéciose akaanza na kola ya mumewe huku Gaspard ameketi mezani na fulana, anakunywa chai, Jumapili, ibada saa nne na basi la barabara ya Lawrence halimngoji mtu, na Gaspard alikuwa anacheka peke yake, akasema, "Mama Joyeuse, mi nimekumbuka ile siku ya kukimbia, ile shati yangu ilipasuka ku mgongo, ikafungwa na pini, kutoka Uvira mpaka ku mto naangalia tu ile pini inang'aa," na Spéciose akacheka naye, akacheka kweli, pasi ikafika mwisho wa kola ikarudi, ndipo kicheko kikamkauka mdomoni… mtu anauonaje mgongo wake mwenyewe? Labda alisimuliwa, lakini na nani, yeye Spéciose siku hizo hana, siku tatu za njiani alizitoa kwa hiari yake kwenye kliniki moja Richmond Hill, majira ya baridi, alipokuwa hapati usingizi, akitoka kazini kuogesha wazee anajifungia bafuni analia, akatia sahihi karatasi za Kiingereza, wakamtoa siku tatu kichwani kama mtu anavyong'olewa jino, na uso wa mumewe ukachomoka pamoja nazo, walisema hutokea, picha zote zilibaki Uvira, akaonyeshwa kichupa chenye siku hizo, namba kumi na saba, kikaingia kwenye friji, tutakutunzia, mama… na miezi mitatu baadaye daktari yuleyule akapiga simu, mumeo aliyepotea njiani amepatikana kambini, alipigwa kichwani, amesahau yote, tumemsaidia akumbuke kidogo, akumbuke kwa kichupa gani? Hakuuliza, nani angeuliza, alikimbia uwanja wa ndege na ndara miguuni kwenye theluji, na mtu huyo alimkumbatia akalia, akamsimulia njia, zile siku tatu tu, mengine hana, akamfundisha upya hata jina la mama mkwe wake, "na mtoto uzito gani ule," Gaspard alikuwa bado anasema, akajishika kifuani, pale fundo la kitenge linapokaa, pale pale, mwanamume gani alifunga kitenge siku ile, Joyeuse alikuwa mgongoni kwa mama yake… tulia, Spéciose, utaunguza shati… kwao mwanamume hutangulia, mke anafuata nyuma na mzigo wake, Gaspard alikuwa hivyo hata wakienda sokoni, lakini huyu miezi minane sasa anamwachia yeye atangulie, anamfuata nyuma kwenye barafu mpaka kituoni, na Générose wa kwaya akamtania, mumeo amekuwa Mzungu, naye akajivuna, mjinga yeye, kumbe hakuwa Mzungu, kichwani mwake yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Basi huyu ni nani, na Gaspard yuko wapi… yuko mtoni, bila shaka, kwa sababu kila akisimulia huyu mtu akifika mtoni huinuka kwenda kuosha kikombe, anajua, kichupa chote kimo kichwani mwake na anakumbuka alichokiona yeye Spéciose, anakibeba miezi minane na hamwambii, na Spéciose angemchukia mtu huyu, ana haki ya kumchukia, ila kichupani hamkuwa na mapenzi ya Gaspard kwake, mlikuwa na yake kwa Gaspard, sasa haya ya kumkanda miguu akitoka kazini, haya ya kumficha yaliyotokea mtoni, ameyatoa wapi, si ya mtu mwingine yeyote, ni yake mwenyewe… "Halafu, ku mto?" akauliza, hakuinua uso, na mtu yule akasimama na kikombe chake, akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji, "Ku mto maji ilikuwa mingi," akasema, "mingi sana, Mama Joyeuse," na mlangoni Joyeuse, tayari na koti lake, akasema kwa Kiingereza kwamba watachelewa, na Spéciose akajua amefiwa, zaidi ya miaka miwili sasa, na hajamlilia mumewe hata siku moja. "Shati iko tayari?" mtu yule akauliza. "Bado mgongo," akasema, akaligeuza shati.