Kikohozi Upande wa Kushoto

Kazini wananiita Masikio. Ninatengeneza sauti za gemu za kompyuta, na jina hilo nilipewa na vijana wa ofisini kwa kejeli, siku waliponikuta nimepiga magoti nikirekodi bawaba ya mlango wa choo. Nalipenda. Mwenzangu wanamwita Bi Kuta, kwa sababu yeye ndiye anayejenga nyumba zote za ndani ya gemu: kuta, milango, ngazi, hadi ufa wa sakafuni. Wanawake tulikuwa wawili tu katika ofisi ile, na kazi yetu tuliipenda kuliko usingizi. Wanaouliza nani katuruhusu kucheza mchana kutwa huwa sijisumbui kuwajibu.

Gemu iliyotuletea sifa ni ya kutisha. Mchezaji anaingia kwenye nyumba kwa mlango wa jikoni, anatafuta chumba alimo mwanamke mzee, na kinachomwongoza ni kikohozi tu. Watu waliisifu ile nyumba, wakasema wanaisikia hadi harufu. Hawakujua kwamba Bi Kuta hakuibuni. Ni nyumba ya mama yake mzazi, aliyoipima kwa futi ya fundi chumba baada ya chumba, na kikohozi ni cha Mama mwenyewe. Nilikirekodi mimi, nimekaa miguuni pake, naye akicheka kwamba kumbe hata kifua kibovu kina soko.

Mama haoni. Alipofuka akiwa mtu mzima, na tangu hapo hakuna kitu kinachohamishwa ndani ya nyumba ile. Kiti kilipo, ndipo kilipo. Anatembea humo bila fimbo wala kupapasa, anachota maji, anaanika nguo, na ukimwachia kandambili njiani utasemwa wiki nzima. Alipoambiwa kuwa gemu imenunuliwa na watu wengi mno, alifurahi. Alisema tangu apofuke wageni wamepungua, afadhali sasa nyumba yake imejaa.

Matusi tuliyazoea. Mwanamke akitengeneza gemu, wako wanaume wanaoona kama amewaibia urithi wa baba yao, na huandika hivyo kwa herufi kubwa. Bi Kuta alikuwa akisoma, anafuta, anakwenda kunywa maji. Lakini kuna mmoja hakutukana. Aliandika kwa adabu kwamba mlango wa jikoni ni mpaka uuinue kidogo ndipo usukume, la sivyo unalia. Kwamba yeye ameshauzoea. Kwamba anadhani na ule wa kweli utamkubali. Chini aliweka picha. Ilikuwa ya geti la Mama, mchana kweupe, imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, na nondo moja ya geti imepinda. Nondo hiyo ilikuwemo kwenye gemu. Bi Kuta aliipinda mwenyewe, siku nzima, kwa fahari, mpaka ikafanana.

Tulikuwa tumemwaga mtama penye kuku wengi, na kuku mmoja alikuwa amefuata punje hadi mlangoni.

Polisi walitusikiliza. Ofisa aliuliza kama mtu huyo ameingia ndani, tukasema bado. Akauliza kama ametishia, tukamsomea ujumbe upya, akasema huyo anausifia mlango. Turudi likitokea jambo. Mkurugenzi wetu naye hakutaka hata kusikia habari ya kuiondoa gemu sokoni. Alisema mashabiki wa kweli ndivyo walivyo, na kwamba sisi wawili tuna mioyo ya kuku. Nilimtazama nikatamani yeye ndiye angekuwa na mama wa kulindwa.

Bi Kuta alimsihi mama yake ahamie kwake, ghorofani, hata kwa muda. Alimsihi sebuleni, akamsihi jikoni, akalia. Mama alimwacha amalize.

"Huko sijui choo kilipo wala dirisha lilipo," alisema. "Mwanangu, mimi nimeshapofuka mara moja. Usinipofushe mara ya pili."

Basi tukaweka kufuli kwenye mlango wa jikoni, tukagawana zamu za kufanyia kazi pale nyumbani ili asibaki peke yake. Kufuli lenyewe lilitusumbua. Vidole vya Mama havikulijua. Mara alifunge vibaya, mara alisahau kabisa akitoka kuanika nguo. Ndipo Bi Kuta alipokuja na wazo lake. Kama nyumba haibadiliki, alisema, tuibadilishe ramani.

Katika kazi yetu gemu haimaliziki siku inapouzwa. Kila baada ya muda tunatuma marekebisho, kasoro hii na ile, nayo yanajiingiza yenyewe kwenye kompyuta ya mchezaji. Nyumba ya Mama ina ukumbi mwembamba: kulia chumba chake cha kulala, kushoto stoo isiyo na dirisha, yenye komeo la chuma kwa nje ambalo marehemu mumewe alilitia kwa ajili ya paka wa jirani. Bi Kuta alivibadilisha nafasi vyumba hivyo ndani ya gemu. Kitanda kikaenda kushoto, stoo ikaja kulia. Nami nikakihamisha kikohozi. Tuliyachomeka hayo katikati ya marekebisho mengine madogo, mkurugenzi akayapitisha bila kuyatazama. Nilijiona mjanja.

Majibu hayakuchelewa. "Naona Mama mmemhamishia kushoto," aliandika yule mtu. "Ahsanteni kwa kunijulisha."

Kila alichokikagua kwa nje alikikuta sawa na kilivyo ndani ya gemu, kwa hiyo na hili akaliamini. Sisi tusiokubali hata kivuli kikae mahali pasipo pake tulikuwa tumemzoesha hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana hila yetu ilikuwa imefaulu, na maana yake ni kwamba anakuja.

Alikuja alasiri, zamu yangu. Mama alikuwa ametoka kuanika nguo, amerudi kujinyoosha kitandani, kufuli kalisahau tena bila mimi kujua, nami nilikuwa kwenye kiti kando yake, kompyuta mapajani. Mara akainua kichwa.

"Mlango umeinuliwa," alininong'oneza.

Mimi ninayeitwa Masikio sikuwa nimesikia kitu. Nilisikia baadaye: hatua moja laini, kisha kimya, kisha hatua ndefu. Alikuwa ameruka kigae kilicholegea karibu na jiko. Kigae kile nilikirekodi mimi, na kwenye gemu ukikikanyaga umekwisha. Nilimwandikia Bi Kuta neno moja, "Yumo", nikalikosea mara mbili kabla ya kulituma.

Kifua cha Mama kikaanza. Nilikiona kikohozi kinapanda kama maziwa yanayotaka kufurika, na yeye akajaza ncha ya mtandio mdomoni, akafumba macho yale yasiyoona. Nilimshika mgongo. Kilikuwa kinamtikisa kwa ndani, kinashuka, kinarudi. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Akikohoa mara moja, yule atageuka kulia, na kati yetu naye hakuna kitu.

Hatua zilifika ukumbini zikasimama. Chini ya mlango niliona giza la miguu yake. Alikuwa anasubiri kikohozi, kama nilivyomfundisha. Nilimwomba Mungu kwa lugha ambayo hata mimi siijui. Kisha giza likasogea, na nikasikia mlango wa stoo unafunguliwa.

Wakati ulikuwa ule. Nilijua kinachotakiwa, tulikuwa tumekifanyia mazoezi mimi na Bi Kuta. Nilipojaribu kuinuka, Mama alinikandamiza begani.

"Una viatu," alinong'ona.

Alitoka peku, mikono ubavuni, hakugusa hata ukuta. Sikumsikia akivuka ukumbi, ingawa kusikia ndiyo kazi yangu. Nilichosikia ni chuma kuingia kwenye chuma. Halafu kikohozi kikatoka chote kwa pamoja, kirefu, na mluzi ule mdogo mwishoni ambao zamani niliusifia.

Nilitegemea mateke. Nilitegemea mlango upasuke. Mle stoo mtu akacheka taratibu, kicheko cha furaha kabisa.

"Ndicho chenyewe," alisema. Na tena, kwa heshima: "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama akajibu.

Lilimtoka kabla hajajua. Mtu wa umri wake huitika salamu kwanza akafikiri baadaye. Alijiziba mdomo kwa viganja viwili, akasimama pale ukumbini, na yule wa ndani akaendelea kumpa pole ya kifua.

Bi Kuta alifika na polisi, safari hii wengi. Yule wa stoo alitoka bila ubishi, mtu wa kawaida ambaye ungempisha dukani. Viatu vyake tulivikuta penye mlango wa jikoni, amevivua nje ya kizingiti akavipanga sambamba, kama mgeni aliyelelewa vizuri. Bi Kuta alivipiga teke hadi uani, akaketi chini akalia kwa sauti.

Mama hakulia. Alimwita bintiye akae karibu, akamuuliza kama wako wengine wanaoicheza ile gemu. Bi Kuta akasema wako. Akamuuliza ni wengi kiasi gani. Badala ya kuitaja ile idadi aliyomtangazia kwa vigelegele gemu ilipouzwa, Bi Kuta alimshika mkono.

"Basi hamisheni," Mama alisema.

Kesho yake tuliifanya kazi hiyo sisi wawili. Kitanda tukakipeleka kilipokuwa kiti, meza tukaivuta hadi dirishani, ndoo ya maji ikahamia upande wa pili, na mlango wa jikoni fundi akaunyanyua ukaacha kulia. Mama alisimama kizingitini akisikiliza vyombo vyake vikiburutwa. Tulipomaliza tulimwambia aingie, na Bi Kuta akanyoosha mkono kumwongoza, lakini yeye akaukataa.

Aliingia kwa mwendo wake wa siku zote. Goti likagonga meza. Alisimama katikati ya sebule yake, mkono mmoja hewani ukitafuta cha kushika.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.