Kifungu cha Pampu

Pesa za pampu zilikuwepo. Nilikuwa naziona kwenye kompyuta tangu asubuhi, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Saa kumi jioni zingerudi hazina.

Kosa lilikuwa langu. Nilipoandaa bajeti ya hospitali, pampu ya mashine ya kusafisha damu niliiweka kwenye kifungu cha ununuzi wa mashine. Shule ya jioni walitufundisha kwamba kitu kinachodumu zaidi ya mwaka ni mali, na katika somo hilo niliongoza darasa zima. Kumbe pampu ni kipuri, na kipuri hulipwa kwenye matengenezo. Huko hakukubaki hata senti.

Mdogo wangu alikuwa ghorofani, miguu imemvimba, akiisubiri mashine hiyo itengenezwe. Hospitali nyingine yenye mashine iko mbali, na daktari alisema hataimaliza safari.

Nikapiga simu wizarani mara ya nne.

"Mzee, barua yako ya kuhamisha fedha nimeiona," akasema binti wa bajeti. "Ila uhamisho ulifungwa mwezi uliopita."

"Mwanangu, pesa ni zilezile, hospitali ni ileile."

"Mimi najua, mzee. Mfumo haujui."

"Na mwaka mpya?"

"Vifungu vitafunguliwa baada ya wiki tatu."

Daktari alikuwa amezungumzia siku, si wiki.

Fundi wa kampuni inayouza pampu, tunayemwita Bisibisi, alikaa mlangoni kwangu na pampu mapajani, ndani ya boksi lake.

"Mhasibu, nikiiacha bila hati ya malipo, bosi atanikata mshahara mpaka nizeeke kama wewe."

Hakucheka, wala mimi. Saa kumi na dakika tano akabeba boksi lake, akaniaga kwa heshima.

Nikapanda ghorofani.

"Kaka, si wewe ndiye mwenye pesa za hospitali?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiye."

"Zimekwisha?"

"Hazijaguswa."

Nikamweleza habari ya vifungu, taratibu, kama nilivyokuwa nikimfundisha hesabu mezani kwa mama. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hata wakati ule nilikuwa sielewi," akasema. "Niliitikia tu ili ukanywe chai."

Niliporudi ofisini, mfumo ulitaka sababu ya fedha kutotumika. Ulinipa tatu nichague: mahitaji hayakuwepo, bei ilishuka, kazi imeahirishwa. Nikatafuta pa kuandika ya nne. Hapakuwa na nafasi. Nikachagua kazi imeahirishwa, nikaweka saini.