Spoila ya Subaru kwenye Buti la Corolla

Uvumi ule Huguette aliusikia kwenye bingo ya Jumatano, ukumbi wa chini ya kanisa, ukamganda kama ubani kwenye nywele. Eti huko Jonquière, mji wa jirani, spoila, lile bawa la kupachikwa nyuma ya gari, iling'oka kwenye gari la kijana fulani katika barabara kuu, ikapaa, ikatoboa kioo cha gari lililokuwa nyuma na kumuua mwanamke aliyekuwa akienda kazini. Mwanamke gani? Hakuna aliyejua jina lake. Huguette hakujali jina. Wiki hiyohiyo binti yake, Mylène, alikuwa amerudi kutoka uwanja wa magari mabovu na spoila ya Subaru kwenye kiti cha nyuma, ameifunga mkanda kama mtoto mchanga.

Mylène alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikata nywele saluni, na wateja walikubali kungoja wiki tatu ili washikwe na mkono wake. Akitoka huko, akili yake yote ilikuwa kwenye Corolla yake nyeupe.

"Spoila ya Subaru kwenye Corolla," alisema Gaétan, kaka yake Huguette, akilizunguka gari gerejini kwake. "Ni kama kuvaa kofia ya askofu ukienda kumwaga taka."

"Wewe toboa tu, Mjomba. Kofia ni yangu."

Miguu ya spoila haikulingana na mlango wa buti. Gaétan akakata katoni ya bia, akachora mashimo, akapima, akaitupa, akakata nyingine. Aliporidhika ndipo akashika drili. Huguette alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya supu ya njegere, ikipoa.

"Itang'oka," alisema.

"Mama, ina bolti nne."

"Na ile ya Jonquière ilikuwa na ngapi?"

"Ile ya Jonquière haipo. Ni maneno ya bingo."

"Basi mimi sipandi. Na Jumamosi usije kunichukua. Nitatoka dukani na mifuko yangu kwa miguu."

Huguette hakuwahi kujifunza kuendesha. Kila Jumamosi Mylène ndiye aliyempeleka dukani, na wote wawili walijua kuwa mama angeweza kweli kutembea na mifuko yake kwenye barafu ili tu watu wamwone akiteseka. Mylène akashusha pumzi. "Mjomba, muwekee chuma kwa ndani, atuache."

Gaétan alijifuta mikono. "Spoila yenyewe ni nzito. Nikiongeza chuma, springi za buti zitashindwa kuushikilia mlango. Tafuteni kwanza springi nene. Nitafunga Jumatatu."

"Springi hazijamuua mtu," alisema Huguette. "Funga chuma."

Akafunga. Mabamba mawili, bolti nane. Huguette aliikamata spoila kwa mikono miwili, akaivuta kwa uzito wake wote, haikutikisika. Siku hiyo alikula supu yake akaongeza.

Tangu hapo mlango wa buti ukifunguliwa ukawa hausimami wenyewe. Mylène alikata gongo kuukuu la hoki, akawa anautegemeza nalo kila anapopakia vitu. Majirani wakapata la kusema. "Vipi, leo unalinda goli?" Naye aliwajibu kwamba springi atazinunua wikendi ijayo. Wikendi zikaja, zikapita.

Jumamosi moja ya Januari walikuwa kwenye maegesho ya duka. Mylène aliinama kupanga mifuko, mkono wa kulia ukiwa kwenye ukingo wa buti. Huguette alinyanyua gunia la mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu yasiteleze kwenye barafu.

"Mama, acha, nitalibeba mimi."

"Sijazeeka mimi."

Gunia likaligusa gongo. Ndani ya buti mlikuwa na barafu iliyoganda tangu juzi, gongo likateleza. Mlango ukashuka juu ya mkono wa Mylène, pamoja na spoila, mabamba mawili na bolti nane alizoagiza Huguette mwenyewe.

Mylène hakupiga kelele. Alisema, "Inua, Mama," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Huguette akainua. Mlango ulimshinda, ukamponyoka, ukarudi palepale. Alifaulu mara ya pili.

Hospitali walikata kidole cha kati na cha pete. Mkasi wa saluni hukaa kwenye gumba na kidole cha pete. Sasa Mylène hupokea simu, huandika majina ya watu wanaokuja kukatwa nywele na wengine. Hakumlaumu mama yake. Siku moja tu, akifungua pakiti ya kahawa kwa meno, alisema, "Angalau haikung'oka."

Theluji ilipoyeyuka Huguette alirudi kwenye bingo. Mwanamke wa kiti cha jirani akamwinamia. "Umesikia? Kuna msichana hapa hapa Chicoutimi, spoila imemkata mkono mzima."

"Vidole viwili," alisema Huguette.

"Mimi nimeambiwa mkono mzima."

Huguette alichukua kadi yake ya bingo, akaigeuza nyuma, akaandika. Kesho yake aliibandika kwenye mlango wa gereji ya Gaétan:

Usifunge spoila ya gari jingine kabla hujajua uzito wake na nguvu ya springi zako.
Usiongeze chuma kwa sababu ya maneno ya watu.
Usitegemeze mlango wa buti kwa fimbo, hata siku moja.
Usiweke mkono kwenye ukingo wa buti mlango ukiwa juu.
Usimharakishe fundi akikwambia Jumatatu.