Kibuyu Kisichooshwa

Mimi ni mtu wa sabuni. Miaka sita nimefua mashuka ya misheni, na nilipokuja kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, kumzika mama, mwezi wa tatu mwaka huu wa 1956, nilifika na mche mzima wa sabuni kikapuni. Kama si kiherehere changu, msiba ungekuwa mmoja tu.

Mdogo wangu Ennie alikuwa akiishi na mama tangu mtumbwi wa mume wake, Mwewa, ulipozama naye njia ya kisiwa cha Kilwa. Ziwa lilimwachia hofu. Hakula, hakulala, hata kushuka ufukweni hakuweza. Kila asubuhi mama alimpa kikombe cha munkoyo, ile togwa yetu chachu ya mahindi na mizizi, naye kidogo kidogo akaanza kula, kulala, mwisho kucheka. Mwezi ule mama alipokufa, Ennie alikuwa ameanza kuuza samaki sokoni.

Mama alitengeneza munkoyo katika kibuyu kimoja, na kila mara aliacha mashapo ndani yachachushe wa kesho. Mimi sikuwa na habari. Siku ya pili baada ya maziko nilikiona jikoni, kinanuka, ndani kimefanya utando. Nikasema, loo, mama uzee ulimshinda! Nikamwaga, nikatia maji ya moto, nikasugua kwa sabuni na mchanga, nikakianika.

Ennie alirudi kutoka kisimani, akakikuta kinang'aa juani. Alitua ndoo, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, ile kibuyu hatusukulake," alisema taratibu. Kumbe kibuyu kile hakikuoshwa kamwe. "Ni mule mama alibakia."

Nililia kuliko kaburini. Naye ndiye aliyenishika mabega. "Haukuyua, yaya. Haukuyua."

Nikaomba mashapo kwa majirani, nikatengeneza munkoyo upya. Sijui kama dawa ilikuwa kile kinywaji au mkono wa mama. Mganga si mimi. Kila asubuhi nilimpa Ennie kikombe, akatoka nacho nje, akarudi nacho kitupu.

"Iko muzuri, yaya. Roho inatulia."

Nikamshukuru Mungu. Sokoni hakwenda tena, lakini nikajiambia haraka haraka haina baraka.

Jana nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kuku anayetaga. Chini ya mgomba ardhi ilikuwa nyeupe, imegandiwa na munkoyo wa siku nyingi.

Leo asubuhi nimempa kikombe chake. Amekipokea, ametoka, amerudi, amesema iko muzuri.

Nami nimemjibu, "Asante, mudogo wangu."