Nukta Nyeusi Kando ya Ziwa

Mama aliniomba jambo moja tu: akifa, azikwe ubavuni mwa Elieza, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla hajatambaa na kuzikwa nyuma ya tembe letu la zamani. Tembe hilo sikuwahi kuliona. Lilibomolewa mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nilizaliwa baadaye.

Kazi yangu ni kutunza ramani ofisini, kwa hiyo niliona ameniomba kitu chepesi. Nikachapa nakala ya ramani ya zamani, iliyochorwa kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, nikaipeleka nyumbani Miyuji. Ziwa lilikuwa la buluu, kilima kimezungushiwa mistari ya kahawia, na kando ya maji palikuwa na nukta nyeusi yenye jina la babu.

"Nyumba yenu hii hapa, mama."

Alikuwa haoni vizuri. Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye nukta. Akakivuta hadi kilimani.

"Mbona nakumbuka tulikaa huku juu?"

"Ni umri huo, mama. Ramani haisahau."

Akaondoa kidole. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Hata mjomba Matonya, mdogo wake mama, anayechungia ng'ombe Kilosa, sikumpigia simu kumuuliza. Wa nini, nami nina karatasi ya serikali?

Mama alifariki mwezi wa saba. Tulimzika penye nukta; kaburi la Elieza halikuonekana, nikasema mvua za miaka yote hiyo zimelifuta, na mimi nikasimama kifua mbele, mtoto aliyetimiza wasia.

Mjomba alifika siku ya tatu, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikampeleka kaburini. Akalitazama, akatazama ziwa, kisha kilima.

"Devota, nani kakuleta huku? Hapa tulikuwa tunaleta ng'ombe kiangazi tu, maji ya juu yakikauka. Tunajenga kibanda, mvua zikianza tunarudi kwetu kilimani. Elieza yuko kule."

Chini ya ramani ile pameandikwa kwamba picha zilipigwa Septemba. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara mia, na sikuwahi kujiuliza Septemba watu wangu wanakuwa wapi.

Kwetu aliyezikwa hafukuliwi. Tulipanda kilimani, mjomba akanionyesha mawe ya kaburi dogo, nami nikalia hadi akanishika mkono.

Kati ya mama na mwanawe kuna kilometa mbili na nusu. Nimezipima mwenyewe kwenye ramani, kwa rula.