Nani Aanze Kushoto

Roza simpendi, na sitafuti maneno ya kupamba. Mimi Eveline ndiye niliyemfundisha kutengeneza tovuti hapa ofisini kwetu Mwanjelwa, kisha kila mtu akaanza: Roza mwepesi, Roza ana kichwa. Roho ikawa inaniuma hadi chakula hakipiti.

Mzee Yakobo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Chimala, alitaka tovuti yenye ukurasa wa Kiarabu kwa ajili ya mnunuzi wake wa Omani. Mnunuzi akiridhika, mmoja wetu angepewa kazi ya kuisimamia, ya kudumu. Niliitaka kazi ile kwa udi na uvumba. Ukurasa wa Kiarabu akapewa Roza. Kwenye CSS, faili la kupanga mwonekano, akaandika direction: rtl, yaani kila kitu kianzie kulia kwenda kushoto. Bosi akapiga makofi. Nyoo!

Nikateremka hadi chini ya ukurasa, penye picha za waliotengeneza. Roza kushoto, mimi kulia! Weee! Juzi tu alikuwa hajui hata kufunga mabano, leo kanitangulia? Sikumwuliza. Nilifungua faili, sehemu ile ya picha nikaiandikia direction: ltr, yaani ianzie kushoto, nikahamia kushoto, mbele, panaponistahili. Moyo ukatulia.

Mgeni wa Omani alipofika Chimala tuliitwa sote wawili. Akaufungua ukurasa kwenye simu yake. Kidole kikaanzia kulia, kama wanavyosoma wao, kikatua kwenye picha ya Roza.

"Huyu wa kwanza ndiye mkuu?" akauliza, tena kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

"Bila shaka," akajibu Mzee Yakobo. "Basi kazi ashike huyo."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Kumbe kulia ndiko mbele, na nimejipeleka mkiani kwa mikono yangu mwenyewe!

Roza aliitazama simu, akakunja uso. "Hapana, Mzee, hapa pamegeuka. Mkuu ni dada Eveline. Mimi nilimweka yeye wa kwanza."

Mzee Yakobo akacheka. "Tena ana adabu! Nimesema kazi ni yake."

Kazi achukue, nitalia nitanyamaza. Lakini hata roho nzuri awe nayo yeye? Hilo ndilo linaloniua.