Mafuta Yasiyoganda

Saa kumi na moja jioni mama mkwe aliwasha jiko la mkaa, akasogeza kigoda, akamketisha mkaza mwana wake aliyetoka kufungasha nyama kwenye chumba cha baridi kiwandani. Mtoto wa miezi mitatu alikuwa akilia. Hakuna aliyemharakisha mama yake, maana alikuwa bado hajayeyuka. Mashavu yake yalikuwa magumu kama mafuta ya mbuzi yaliyolala sufuriani, na maziwa yalikaa ndani, hayana pa kutokea.

"Jana ilikuwa nusu saa," alisema mama mkwe. "Leo saa nzima, na bado. Huyu atakula nini, mwanangu? Machozi yake?"

Kesho yake muuguzi wa zahanati aliugonga mkono wa mkaza mwana, ukalia kama ubao. Mwili, alieleza, ni vijumba vidogo mno visivyohesabika, na kila kimoja kimezungushiwa utando wa mafuta. Mafuta yakiganda, milango haifunguki: hakiingii kitu, hakitoki kitu. Akaandika kwenye karatasi: apewe koti.

Mkaza mwana alipiga moyo konde, akampelekea msimamizi wa kiwanda karatasi hiyo.

"Koti ni moja tu, la wageni wa ukaguzi," alisema msimamizi. "Kwani samaki wa maji baridi huvaa koti, dada?"

Wenzake walicheka, na wawili kati yao walikuwa wameganda hadi viwikoni.

Mama mkwe alipohadithiwa hakucheka. Mafuta ya samaki hayagandi ovyo, hilo alilijua. Alitafuta chupa ya mafuta hayo, akawa anamnywesha mkaza mwana vijiko viwili kila asubuhi. Wiki ya tatu mkaza mwana alirudi kutoka kazini akiwa laini, maziwa yamelowesha blauzi. Ila alipoketi jikoni, joto lilimlegeza kupita kiasi. Mtoto alimpapasa kifuani, kiganja chote kikazama. Mama alikitoa taratibu, akakifuta kwa kitambaa.

Msimamizi alipopata habari za mafuta hayo alifurahi. Chupa kubwa ya mafuta ya samaki iliwekwa mlangoni mwa chumba cha baridi, na kijiko kikafungwa kwa kamba. Maombi yote ya makoti yalirudishwa.

Tangu hapo mkaza mwana ananyonyesha uani, kwenye upepo, mabega wazi, asije akamwagika. Mtoto hufungwa blanketi mbili.

"Yanatoka?" huuliza mama mkwe kutoka mlangoni.

"Yanatoka, mama."

"Haya. Sogea mbali na ukuta, huo bado una joto la mchana."